Siku Mzee Rono Alipochukua Nira

Jumamosi iliyopita nilinunua robota la nyasi. Mwanangu wa mwisho anafuga sungura watatu kwenye kibanda nyuma ya nyumba yetu hapa Munyaka, na sungura, kama watoto, hawajui kwamba kuna kiangazi. Nililileta kwenye buti ya gari nikilalamika njia nzima kuhusu vumbi. Nilipofika nikakata kamba kwa kisu cha jikoni, robota likafunguka, na harufu ikaniingia kabla sijajiandaa. Nikaketi hapo hapo kwenye saruji. Mtoto akaniuliza kama naumwa, nikamwambia ni mafua.

Ninyi wa rika langu mliokulia pande hizi mnaijua harufu ya nyasi zilizokauka kwa jua bila kunyeshewa hata tone. Inakaribia harufu ya unga ukikaangwa kidogo kwenye sufuria, na utamu fulani kwa mbali. Siku hizi trekta linakata, mashine inafunga, lori linabeba, na nyasi zinatoka shambani zikiwa zimefungwa kama mzigo wa msafiri. Sisi tulizibeba zikiwa huru, kwa uma wa mti na mikono na mkokoteni wa punda, na kiasi kikubwa tulikileta nyumbani ndani ya soksi.

Shamba letu lilikuwa upande wa Yamumbi, wakati ambapo ungeweza kusimama mlangoni ukaona ng'ombe badala ya nyumba za kukodisha. Babu alitoka Mkoa wa Kati akiwa kijana, akapata kipande hapo, na baba akazaliwa hapo hapo. Sehemu ya chini, ile iliyoteremka kwenda mtoni, baba aliiachia nyasi za boma, zile za kukatwa na kukaushwa. Hizo ndizo zilikuwa chakula cha Meri, ng'ombe wetu, na ndama wake tangu mvua ilipokatika mpaka iliporudi. Mwaka ambao nyasi ziliharibika, Meri alikonda hadi ungeweza kutundika kofia kwenye nyonga yake, na sisi tukanywa chai ya rangi miezi mitatu. Hilo nalikumbuka, kwa hiyo sikuhitaji kuelezwa maana ya nyasi.

Jirani yetu, ua tu ukitutenga, alikuwa Mzee Rono. Alikuwa Mnandi mrefu, mwenye koti jeusi la kufika magotini, na maneno yake kwa siku ungeyahesabu kwa vidole ukabakiwa na vidole. Watoto wake walikuwa wameoa na kuolewa, akabaki na mkewe na punda mmoja jike aliyeitwa Chifu, kwa sababu hakufanya jambo lolote bila kuombwa kwa heshima. Baba naye alikuwa na punda mmoja, Karani, aliyependa kusimama akitazama wengine wakifanya kazi. Mmoja peke yake hakuweza kuvuta mkokoteni wetu. Ulitengenezwa kwa ekseli ya gari bovu, na mbele ulikuwa na mti mmoja mrefu uliopita katikati ya punda wawili, na nira ya kuwalalia shingoni wote kwa pamoja. Nira hiyo baba na Mzee Rono waliichonga wenyewe, kila mmoja akichonga upande wa punda wake.

Karani alisikia Kikuyu tu. Chifu alisikia Kinandi. Kwa hiyo mkokoteni ukitaka kuondoka ilibidi watu wawili waseme, kila mmoja na wake, na kama hawakusema kwa wakati mmoja, mkokoteni ulizunguka kama kuku aliyekatwa shingo. Kiswahili chao kilikuwa neno moja, "simama", na hilo walilielewa haraka sana wote wawili.

Kulikuwa na kanuni moja ambayo haikuandikwa popote: nira inalala palipo na nyasi. Aliyekuwa na nyasi zilizokatwa, ziko uwanjani, ndiye aliyelaza nira kwake pamoja na punda wote wawili, mpaka mzigo wa mwisho uingie kwenye stoo. Hakuna aliyeruhusiwa kuiondoa kabla ya hapo. Baba aliniambia kwamba akionekana mtu ameiondoa katikati, basi ushirika umekwisha, na akaongeza kwamba haijawahi kutokea.

Mwaka ninaousimulia ulikuwa mwaka wa kampeni. Magari yenye vipaza sauti yalipita barabarani yakitimua vumbi, na watu wazima wakaanza tabia ya kuzima redio sisi watoto tukiingia. Shuleni, msichana tuliyekaa naye dawati moja aliniambia, bila ubaya wowote, kama mtu anayekukumbusha kesho ni sikukuu, "Baba yangu anasema nyinyi mtarudi kwenu." Nilimwambia kwetu ni pale tu nyuma ya kanisa, na kwamba ningerudi saa kumi kama kawaida. Alinitazama kwa huruma. Nilirudi kweli saa kumi, lakini njiani nilianza kulitafuna lile neno, na kadiri nilivyolitafuna ndivyo lilivyozidi kukataa kumezeka. Nilipomuuliza mama, alisema, "Wachana na maneno ya watoto," lakini hakunitazama.

Tangu siku hiyo nikawa mwoga. Sikuogopa kitu fulani. Niliogopa tu, na mtu anayeogopa namna hiyo hutafuta cha kuogopa mpaka akipate.

Nyasi zilikuwa tayari wiki hiyo. Baba alizifyeka kwa slasha siku mbili, mama na mimi tukazipindua kwa uma za mti, umande ukishakauka, tukizirusha juu ili upepo upite chini yake. Baba alikuwa na kipimo chake. Alichukua konzi ya nyasi, akaisokota karibu na sikio. Zikinyamaza, bado. Zikilia kama karatasi, tunakusanya. Alasiri moja zililia. Tukazikusanya mafungu mafungu, urefu wa mtu mfupi, yakajaa mteremko wote mpaka karibu na mto, na baba akasema kesho asubuhi tunapakia.

Kesho yake asubuhi wazazi wangu walishuka mjini mapema, kwenye mazishi ya mtu wa kanisani, wakaniachia maharagwe jikoni na onyo kwamba yakiungua nitayala peke yangu. Walisema watarudi saa tano, Mzee Rono aje, tuanze kupakia. Jiko letu lilikuwa la mbao, nje ya nyumba kubwa, na kuni za siku hiyo zilikuwa mbichi. Moshi ulijaa mpaka nikawa natafuta sufuria kwa kupapasa.

Nikasikia lango. Nikachungulia kwenye ufa wa ubao.

Alikuwa Mzee Rono, lakini hakuwa Mzee Rono niliyemjua. Alikuwa amezungusha skafu nene kuanzia kidevuni hadi utosini, shavu moja limetokeza kama amejaza mahindi, na macho yake yalikuwa mekundu. Alisema "Hodi" na neno likatoka kama muungurumo. Wakati mwingine wowote ningekimbia kumpokea, maana mfuko wa lile koti haukukosa njugu. Siku hiyo yale maneno ya dawatini yalinipanda kichwani yote kwa pamoja. Nikajibanza nyuma ya mlango wa jiko, nikaubana mdomo kwa mkono wa sweta, na sikujibu.

Alisema hodi ya pili. Nikasikia viatu vyake vikija, vikasimama upande wa pili wa ubao, karibu kabisa. Moshi ulikuwa unanikaba koo. Nikakimeza kikohozi kimoja, nikakimeza cha pili, machozi yakanitoka. Alisimama pale muda ambao kwangu ulikuwa kama somo zima la hesabu. Kisha akageuka ghafla. Nilipochungulia tena alikuwa ameshafika zizini, amemfungua Chifu, ameitoa nira ukutani na kuitupa begani, na anaondoka kwa hatua ndefu, karibu kukimbia, bila kutazama nyuma. Karani alimlilia Chifu kwa sauti yote aliyopewa na Mungu. Nami nikatoka nje nikakohoa hadi nikatapika.

Saa tano wazazi walirudi. Baba aliiona nafasi ukutani kabla hajaweka chini kofia.

"Nira iko wapi?"

"Mzee Rono amechukua," nikasema.

"Amechukua nira? Na Chifu pia?"

"Ndiyo."

"Alisema nini?"

"Hakusema kitu." Hilo lilikuwa kweli kiasi.

Mama akaingilia. "Na wewe hukumkaribisha? Hukumpatia chai?"

Hapo ndipo nilipoanguka. Kwetu, mtoto anayeachwa nyumbani na mgeni akaja bila kupewa hata chai alikuwa ameaibisha ukoo, na mimi nisingeweza kusema nilijificha, kwa sababu ningeulizwa nilimkimbia nani, na kwa nini, na lile neno la "kwenu" lingetoka. Nikasema, "Nilimkaribisha. Alikataa."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini hakuna anayekwambia jinsi inavyoteremka kwa kasi. Mama na baba walitazamana. Sijawahi kuona nyuso mbili zikizeeka kwa pamoja namna ile. Pande zetu mtu angeweza kukudai, akakutukana, akakupeleka kwa chifu, na bado akanywa chai yako. Aliyeikataa chai hakuwa amebakisha la kusema.

"Amekataa chai," mama alirudia polepole, "na ameenda na nira."

"Nimesikia," baba akasema.

Mama aliingia chumbani, akavuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda, akaanza kutia blanketi mbili, vyeti vyetu vya kuzaliwa, na picha ya harusi akiwa ameifunga kwa taulo. Baba akasimama mlangoni.

"Rudisha hiyo sanduku, Mama."

"Nitairudisha Rono akirudisha nira."

"Wacha niende nimuulize."

"Uende umuulize nini? Si amesema? Usiende huko. Si mwaka huu." Kisha, kama mtu anayejisemea, "Kikulacho kiko nguoni mwako." Mimi nilikuwa nimemshika gauni, na nilijua fika ni nani aliyekuwa nguoni.

Ningeweza kusema wakati ule. Mnaosoma haya mtaniuliza kwa nini sikusema, na mimi nimejiuliza miaka yote. Jibu ni kwamba sehemu yangu kubwa iliamini. Nilikuwa nimeuona uso ule kwa macho yangu. Nilidhani uongo wangu ulikuwa mdogo tu, umekaa juu ya ukweli mkubwa: kwamba hata ningetoka na kikombe mkononi, angekikataa.

Baba alijaribu kumfunga Karani peke yake. Alitengeneza kitu cha kamba na gunia badala ya nira, akamfunga upande mmoja wa ule mti, na akashika upande wa pili yeye mwenyewe, mahali pa Chifu. Mkokoteni ulikwenda hatua kumi, ukageuka, ukaingia kwenye ua. Karani akalala chini, akakataa kuamka. Siku nyingine tungecheka wiki nzima. Baba alimfungua kimya kimya, akamfuta vumbi puani.

Basi tukabeba kwa mgongo. Baba alifunga mizigo kwa kamba, na mama akaibeba kwa mkanda kwenye paji la uso, kama bibi alivyobeba nao kuni huko alikotoka. Nyasi huru hazina uzito lakini zina ukaidi. Unabeba fungu zima, ukifika juu umebaki na nusu, na nusu nyingine imeandika njia nzima ulikopita. Kazi yangu ilikuwa kuokota zile zilizodondoka. Kutwa nzima tuliingiza mafungu matatu. Uwanjani yalibaki zaidi ya ishirini.

Siku ya pili mawingu yalianza kujikusanya upande wa Kaptagat tangu asubuhi, meusi chini na meupe juu. Nyasi zilizokauka zikinyeshewa huwezi kuzikausha tena zikawa zile zile. Zinageuka nyeusi, zinaota ukungu, na ng'ombe akizila anakohoa. Wote watatu tulijua, na hakuna aliyelitaja wingu. Kufikia mchana paji la uso la mama lilikuwa na mstari mwekundu ulioanza kuchubuka. Aliteleza kwenye mteremko, akaanguka magoti, mzigo ukamfunika. Alipoinuka alikuwa na nyasi mdomoni. Akazitema, akaanza kuufunga upya.

Nilimuuliza kitu kilichonisumbua tangu jana. "Mama, kama tunahama, hizi nyasi ni za nani?"

Alikaza fundo kwanza. "Ng'ombe hajui siasa, mami. Yeyote mwenye atabaki na Meri, Meri atataka kula."

Sijui kama aliona neno lile lilinifanya nini. Nilikuwa nimeshajizoeza wazo la kuhama, kama mtoto anavyojizoeza kila kitu. Nilikuwa hata nimechagua daftari nitakalobeba. Lakini sikuwa nimefikiri kwamba Meri angebaki. Nikamwona amesimama zizini na mtu mwingine anamkamua. Nikaanza kulia kwa sauti, nikamkimbilia baba kule chini kwenye mafungu, na nikayasema yote bila kupumzika: kwamba sikumkaribisha, kwamba nilijificha nyuma ya mlango, kwamba alibisha mara mbili nikanyamaza, kwamba chai hakuikataa.

Baba alichomeka uma ardhini. "Rudia."

Nikarudia.

"Hakukataa chai?"

"Hakupewa."

"Na mbona ulijificha?"

Nikamwambia maneno ya msichana wa dawatini. Nilingoja kofi, na kusema kweli nililitamani, maana kofi lina mwisho. Baba alikaa chini kwenye fungu la nyasi kama aliyekatwa miguu, akaufunika uso kwa mikono yake miwili. Alikaa hivyo hadi mama akateremka kuuliza kuna nini. Kisha akainuka, akanishika mkono.

"Unaenda wapi na mtoto?" mama akauliza.

"Kwa Rono."

"Na mtoto?"

"Yeye ndiye alikuwa hapa. Mimi sikuwa."

Tulipita kwenye pengo la ua, mahali tulipopitia siku zote. Mkono wa baba ulikuwa unatoka jasho. Nilikuwa sijawahi kujua kwamba mikono yake inaweza kutoka jasho bila kazi, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba hata yeye alikuwa anaogopa, na alikuwa anakwenda hivyo hivyo.

Hatukufika mbali. Mzee Rono alikuwa anakuja, koti lake jeusi, skafu yake kichwani, Chifu nyuma yake kwa kamba, na nira begani.

"Jirani," baba akasema. Sauti yake ilikuwa ya kutafuta.

"Jirani," Mzee Rono akajibu kwa taabu, kupitia upande mmoja wa mdomo. "Nimechelewa. Hii ngozi imekataa kukauka haraka." Akaishusha nira. Upande wa Chifu ulikuwa umechongwa upya, laini, na kuzungushiwa ngozi ya kondoo, manyoya ndani, ikashonwa kwa waya mwembamba. Akageuza shingo ya Chifu, akapeleka manyoya kando kwa kidole. Palikuwa na kidonda cha ukubwa wa sahani ya kikombe, kimepakwa mafuta. "Ona. Mti ulikuwa unamkula. Si wewe ndiye uliniambia Jumapili huyu anavuta akienda upande?"

Kweli, baba alikuwa amemwambia. Nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu. Baba yangu alikuwa na jibu lote mfukoni mwake tangu mwanzo, na hofu ilikuwa imempekua hadi ikalichukua.

"Nilikuja kukuambia," Mzee Rono akaendelea, "sikukuta mtu." Aliposema hivyo hakunitazama.

"Na hiyo uso imefanya nini?"

Mzee Rono akaifungua skafu polepole. Shavu lilikuwa limevimba na kuwa la zambarau. "Magego mbili. Huyo daktari wa huko mjini alivuta mpaka nikaona marehemu babu yangu ananiita. Siku mbili sijakula kitu, nimelala tu na kuchonga mti."

Baba akaanza kucheka. Alianza kwa pua, akajizuia, kicheko kikamshinda, akashika tumbo, na Mzee Rono naye akacheka huku akilia "Aii, wacha, inauma, wacha," ameshika shavu. Mama alikuwa amesimama kwenye pengo la ua. Alivua ule mkanda kichwani, akauzungusha mkononi, na aliponiona namtazama akageuka upande wa pili na kujifuta kwa leso.

Mwaka ule mambo yalipita mbali na barabara yetu. Ulikuja mwaka mwingine ambao hayakupita mbali, lakini huo nitauacha ulipo. Leo nasimulia nyasi.

Tulipakia kama watu wanaofukuzwa, na kweli tulikuwa tunafukuzwa, na wingu. Baba upande huu na Mzee Rono upande ule walirusha nyasi kwa uma, na mimi nilikuwa juu ya mkokoteni, kazi yangu ikiwa kukanyaga. Nyasi huru zisipokanyagwa humwagika kwenye mteremko wa kwanza. Unaanza katikati, unazunguka kwenda pembeni, mzigo unapanda na wewe juu yake, mpaka unaona mabati ya kanisa na moshi wa majirani. Vumbi la nyasi lilinijaa puani. Miiba midogo ilipenya soksi. Baba akipaza Kikuyu, Mzee Rono akipaza Kinandi kwa nusu ya mdomo, Chifu akavuta shingo yake ndani ya manyoya ya kondoo na akagundua kwamba haiumi, akaenda kwa haraka ambayo hatukuwahi kuiona kwake, akimkokota Karani kwa aibu. Kila mzigo ulipofika stooni mama aliupokea, akausukuma ndani, na sisi tukarudi mbio. Sijui ni mizigo mingapi. Najua kwamba wa mwisho uliingia matone ya kwanza, mapana kama shilingi, yakitua mgongoni mwa Karani, na kwamba baba aliiingiza mikono yake hadi kiwikoni ndani ya nyasi za chini kabisa, akazisokota karibu na sikio. Zililia. Alituambia "Zimelia," kama mtu anayetangaza mtoto amezaliwa.

Kisha mvua ikafunguka. Mama alikimbia jikoni. Kabla ya hapo nilimwona akipitia nyumba kubwa kwanza, na nikasikia sanduku la bati likisukumwa chini ya kitanda mpaka likagonga ukuta.

Mzee Rono alibaki stooni, ameketi juu ya nyasi, ameegemea nguzo, skafu yake mapajani. Baba alinisukuma kidogo mgongoni. "Nenda umwambie mwenyewe," akasema, akatoka kwenda kuwafungia punda.

Nilisimama mbele yake. Kumwambia baba kulikuwa kama kutapika, kulitoka tu. Huku kulikuwa kwingine, kwa sababu huyu ndiye niliyemfanyia, na hakuwa amenikosea kitu isipokuwa kuumwa na meno. Juu yetu mabati yalikuwa yananguruma kwa mvua, ikabidi niseme kwa sauti kubwa.

"Mzee, siku ile nilikuwa ndani ya jiko."

"Najua."

"Ulijua?"

"Niliona miguu chini ya mlango. Mmoja ulikuwa na soksi, mwingine hauna."

Nilitazama miguu yangu. "Nilikuogopa," nikasema. "Na niliwaambia ulikataa chai."

Alichukua unyasi mmoja, akauvunja vipande. Niliona kwamba neno lile la kwanza lilimchoma kuliko la pili, na sikuwa na namna ya kulirudisha.

"Sasa mbona ulienda mbio?" nikauliza. "Mbona hukuita tena? Ungeita tena ningetoka." Sikuwa na hakika kama ningetoka, lakini nilitaka pawe na kosa lake hata dogo.

"Hiyo jiko ilikuwa imejaa moshi, mtoto wangu," Mzee Rono alisema. "Nilikusikia ukimeza kikohozi. Nikajua mimi nikisimama hapo, wewe hutatoka. Ndiyo nikaenda haraka, utoke upate hewa."

Siku mbili nilikuwa nimeubeba mgongo ule kichwani mwangu, koti jeusi likiondoka kwa hatua ndefu, na kila nilipoufikiria niliona hasira. Nilipiga kelele ya kilio hata mama akachungulia kutoka jikoni kuona nani ameumia. Hakuna aliyeumia. Mzee Rono hakuninyamazisha wala hakunigusa. Alisogea tu kidogo kwenye nyasi, nikaketi karibu naye, na tukaisikiliza mvua ile kubwa, ambayo sasa haikuwa na chochote chetu cha kuharibu.